Msichana Aliyetoka Vitani Asifungiwe Mlango wa Shule

Vita vinapozuka katika nchi jirani, sisi tuishio mijini huzungumzia wanajeshi, mikutano ya amani na bei ya mafuta. Ni nadra kumkumbuka msichana aliye katika shule ya bweni, karibu na mahali bunduki zinapolia. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Leo nataka tuzitazame nyasi hizo kwa jicho la daktari.

Chukua mfano wa Shule ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa Uganda. Usiku wa kuamkia Oktoba 10, 1996, waasi wa kundi la LRA la Joseph Kony walivamia mabweni na kuwateka nyara wasichana 139. Naibu wa mwalimu mkuu, mtawa Rachele Fassera kutoka Italia, aliwafuata msituni kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja. Alisihi hadi wasichana 109 wakaachiliwa. Waliosalia 30 walipelekwa na kugawiwa makamanda kama wake. Baadhi yao walifariki. Wengine walikaa mikononi mwa waasi kwa zaidi ya miaka 10.

Sisi husoma habari kama hizi tukahesabu waliotekwa na waliorudi. Lakini maradhi ya vita huanza kabla ya mlango wa bweni kuvunjwa. Msichana anayelala akisikiliza nyayo za watu nje halali usingizi wa kutosha. Moyo wake huenda mbio na misuli hukaza, kwa kuwa mwili umejitayarisha kukimbia. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa, kichwa humuuma, tumbo humsokota bila ugonjwa kuonekana, na somo alilolijua jana leo hulisahau. Baadhi hukojoa kitandani ilhali ni wasichana wakubwa. Aidha, njaa na hofu vikiungana, hedhi inaweza kukoma kwa miezi. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, na mzazi asiyejua humshuku kuwa ana mimba.

Wakati wa vita hivyo vya Uganda, maelfu ya watoto walikuwa wakitoka vijijini kila jioni na kutembea hadi mji wa Gulu. Walilala kwenye baraza za maduka, kituo cha mabasi na uwanja wa hospitali, kisha asubuhi wakarudi. Hebu niambie, msomaji, mtoto wa namna hiyo atafaulu vipi mtihani?

Kwa msichana aliyenajisiwa, saa ni muhimu mno. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ndiyo bora. Tembe za dharura za kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5. Huhitaji pia dawa za kaswende na kisonono, pamoja na chanjo ya homa ya ini aina ya B na pepopunda. Matibabu haya hayapaswi kungoja karatasi ya polisi. Hata hivyo, aliyekaa msituni miezi au miaka asidhani amechelewa. Virusi vya ukimwi vina dawa za kuvidhibiti. Na yule aliyejifungua akiwa mdogo bila mkunga, akabaki akivujwa na mkojo mchana na usiku, ana tundu liitwalo fistula, ambalo huzibwa kwa upasuaji. Hakurogwa, wala hana laana.

Majeraha ya moyo nayo yana dalili zake. Msichana huota jinamizi lile lile, hushtuka mlango ukibamizwa, hujitenga na wenzake au huwa mkali bila sababu. La kusikitisha ni kwamba watu wengi wema humkalisha chini na kumlazimisha asimulie yote aliyoyaona. Asilazimishwe. Aonyeshwe kwamba yuko salama, apewe chakula na mahali pa kulala bila hofu, kisha asikilizwe siku atakayotaka kusema mwenyewe. Dalili zikizidi mwezi mmoja, au akitaja kujiua hata mara moja, apelekwe kwa mtaalamu bila kukawia.

Lakini hoja yangu kuu ni hii: shule yenyewe ni sehemu ya tiba. Vita humnyang'anya msichana mpangilio wa siku, marafiki na matumaini ya kesho. Kengele ya asubuhi, ratiba ya masomo, mchezo wa jioni na mwalimu anayemwita kwa jina lake humrudishia vitu hivyo kidogo kidogo. Dawa nitakazomwandikia zitasaidia, lakini hazitampa rafiki wa kukaa naye kwenye dawati.

Ndiyo maana naudhika ninaposikia kwamba msichana aliyerudi na mtoto mgongoni atawaharibu wenzake, kwa hivyo akajifunze ushonaji. Ushonaji si kazi mbaya, ila achague mwenyewe. Mwaka 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimpata Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa LRA, na hatia ya makosa mengi, yakiwemo kulazimisha ndoa na kulazimisha mimba. Ikiwa mahakama imesema huo ni uhalifu aliotendewa msichana, kwa nini shule imwadhibu yeye?

Mfano mwema tunaupata kwa Angelina Atyam, mkunga kwa kazi yake, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa wale 30. Waasi walikuwa tayari kumrudishia binti huyo mradi mama anyamaze. Alikataa, akisema wote ni watoto wake na waachiliwe wote. Binti alitoroka mwaka 2004, akiwa amezaa huko huko. Mama aliwapokea, yeye na wajukuu.

Usiseme haya ni ya Uganda tu. Mwaka 2014 wasichana 276 walitekwa nyara shuleni Chibok, Nigeria. Hapa kwetu, kambi za Kakuma na Dadaab zina wasichana waliokimbia vita vya Sudan Kusini, Somalia na Kongo, na wengine wamo katika shule za Nairobi wanakosoma binti zako. Kenya imekuwa na sera ya kuwarejesha shuleni wasichana waliojifungua tangu 1994, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya. Karatasi tunazo. Kilichobaki ni utu wa mwalimu mkuu, kamati ya wazazi na wewe.

Kwa hivyo, msomaji, mkutano wa wazazi ukiitwa, uliza mgeni kama huyo anapokelewaje. Je, shule ina mshauri? Matroni anajua dalili nilizozitaja? Nyumbani, mwambie binti yako asimcheke anayeshtuka usiku wala asimdadisi, bali amkaribishe mezani. Msichana huyo amekwisha kufukuzwa na bunduki. Tusimfukuze tena sisi.