Mbio na Utulivu wa Moyo



Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Bwana Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, alishinda mbio za marathoni za dunia. Baada ya kilomita 42 na ushei, yeye na Bwana Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenga ni sehemu 3 za mia za sekunde. Watu waliisifu miguu yake. Sisi twapenda kuutazama moyo. Akimbiaye masafa hayo, akiwa katika kilomita ya 10 na fikira zake ziko ya 40, huchoka mapema. Humpasa awe pale alipo, katika pumzi hii na hatua hii.

Twayasema haya kwa kuwa vijana wengi hulala na mawazo na kuamka nayo: masomo, kazi isiyopatikana, deni. Wakieleza nyumbani, huambiwa kuwa imani yao ni dhaifu. Jawabu hilo si la haki. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka ule uliitwa Mwaka wa Huzuni. Je, nani atathubutu kusema imani yake ilipungua?

Wala dini haikuudharau mwili. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza bibi alishinda, na baadaye Mtume akashinda. Bibi Hajar naye alihangaika baina ya Safa na Marwa kwa hofu ya mwanawe, na mahujaji hufuata nyayo zake mara 7 hata leo. Lakini twaendapo msikitini tumekatazwa kukimbia. Twatakiwa tuende kwa utulivu. Basi ubaya haumo katika mbio, umo katika pupa.

Kijana aliye Singida, akisha sali Alfajiri, na aiache simu nyumbani, ashike njia ya kando ya ziwa Singidani. Aanze kwa kutembea, kisha akimbie polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza bila kutweta. Asikilize pumzi, nyayo na upepo. Fikira ikitoroka, asijikasirikie. Airudishe taratibu, kama tuurudishavyo moyo katika sala. Akipenda, alinganishe hatua na tasbihi. Binti naye ana haki hiyo, kwa vazi la stara na mwenzi wa njiani.

Hata hivyo, mbio si dawa ya kila maradhi. Huzuni ikidumu majuma 2, au mtu akitamani kufa, apelekwe kwa daktari upesi. Mirembe, huko Dodoma kwa jirani zetu, ni hospitali. Wazazi, tusilifanye jina lake kuwa tusi, maana aogopaye kuchekwa huficha ugonjwa hadi umwangamize.

Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zetu kwa kumkumbuka Yeye. Amin.