Nauli ya kwenda kujifunza alichokijua bibi

 

Wengi mmeniuliza kwa nini nilitumia likizo yangu kwenda shambani, wakati huko Lushoto jembe nililikimbia mwenyewe. Leo nawajibu, na nina ugomvi kidogo na nyie.

Nilikwenda Decorah, mji mdogo wa Iowa, kwenye shamba la Seed Savers Exchange. Kazi yao ni kutunza mbegu za asili na kugawana, tangu mwaka 1975. Waanzilishi ni mume na mke, Kent na Diane Whealy. Babu yake Diane aliwapa mbegu za nyanya na za ua ambazo familia yake ilitoka nazo Bavaria, Ujerumani, karne ya 19. Haukupita muda mrefu babu akafariki. Wakajiuliza: kama tusingezichukua, je?

Jamani, mengine niliyofundishwa nilicheka peke yangu. Chagua mbegu kwenye mashina bora kabla hujaanza kula. Kausha maharage mpaka ukiyang'ata jino lisiache alama. Bibi alifanya hayo yote, akachanganya na majivu kuzuia fukusi, akaning'iniza darini juu ya moshi. Hakuomba viza.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Nimejua kwamba maharage hujichavusha yenyewe, mashina machache yanatosha. Mahindi huchavushwa na upepo, hivyo mbegu itoke kwenye mashina mengi, 100 na zaidi, mbali na mahindi ya jirani. Kabla ya kupanda, funga mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi, baada ya wiki hesabu zilizoota. Na kila mbegu iandikwe jina, mwaka, na imetoka kwa nani.

Niliporudi nikampigia mama simu kuulizia yale maharage ya bibi yenye madoadoa. Akaniambia yalipikwa yote mwaka ule wa njaa. Simlaumu, mtoto mwenye njaa haambiwi ngoja. Ugomvi wangu ni kwamba ukoo mzima, pamoja na mimi, hakuna aliyekuwa na hata kikombe kimoja. Mbegu iliyo kwa mtu mmoja tayari iko njiani kupotea.

Najua kuna watakaosema huo ni ushamba, mbegu za dukani zinazaa zaidi. Sikatai, mahindi chotara yanazaa vizuri. Ila ukipanda tena mbegu ulizovuna hazitoki kama mama yao, kwa hiyo kila msimu mkono uko mfukoni. Pandeni chotara, lakini acheni japo matuta mawili ya mbegu zenu.

Wadogo zangu mnaotaka niwatafutie nafasi mje kusoma kilimo hai huku, nitajitahidi. Lakini kwanza kaeni na bibi zenu waliobaki, muandike. Ukija huku bila hayo, utalipa nauli kufundishwa ya kwenu.

Na tafadhali msinitumie mbegu, Marekani haziingii bila vibali, zitaishia kwa watu wa forodha. Wapeni majirani wawili. Kama kuna mwenye yale maharage ya madoadoa, Soni au Bumbuli, amwambie mama. Nitalipa nauli ya kuyafuata, na hiyo haitaniuma.

Wasalimieni wote.