SUMAKU NA MWANGA: MTOTO ALIULIZA VEMA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijisahihishe mbele ya wasomaji, hasa walimu wenzangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Mwaka jana, katika somo la sumaku, mwanafunzi wa Darasa la Sita aliuliza kama sumaku yaweza kugeuza rangi ya moto. Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Nikamwambia sumaku huvuta chuma, basi, akae chini. Tangu siku hiyo hajanyosha mkono tena.

Kumbe swali hilo Faraday, bingwa wa sayansi wa Uingereza, alihangaika nalo mwaka 1862. Aliweka moto kati ya ncha za sumaku asione kitu. Mwaka 1896 Zeeman wa Uholanzi alirudia kwa vyombo bora zaidi, akaona mistari ya manjano ya sodiamu (ile rangi tuionayo chumvi ikiangukia motoni) imepanuka. Sumaku haikuvuta mwanga ukiwa njiani. Iliziathiri atomi zinazoutoa. Mwaka 1902 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Lorentz.

Wala hayo si mambo ya kale tu. Leza ya gesi za heli na neoni hutoa mwanga mwekundu wenye mawimbi kama milioni milioni 474 kwa sekunde. Bomba lake likitiwa ndani ya sumaku, mwanga huo hugawanyika: mmoja hupanda kidogo, mwingine hushuka. Katika leza za kupimia, tofauti yao huwa kiasi cha mawimbi milioni chache tu kwa sekunde, nayo hutegemea nguvu ya sumaku. Mwanga mmoja hupelekwa kwenye kioo kilichofungwa juu ya mashine. Kioo kikisogea, tofauti ile hubadilika, na kwa kuihesabu mafundi hupima mwendo mdogo mno kuliko unene wa unywele.

Ndugu Mhariri, siulaumu muhtasari wa masomo. Najilaumu mimi, na wenzangu wanaomkalisha mtoto kwa kuwa jibu hawanalo. Chuoni tulifundishwa kuandaa somo. Kusema "sijui, tutatafuta" hatukufundishwa.

Jumatatu nitamwomba radhi mtoto yule mbele ya darasa. Msomaji mwenye sumaku ya spika mbovu atusaidie. Haitatuonyesha alichokiona Zeeman, lakini ya kwetu imevunjika.

Mwalimu wa Kijijini,
Dodoma.