Kitabu Kimo Mtandaoni, Asiyeona Hakisomi

Chukua kitabu cha Jiografia cha kidato cha pili. Kikichapwa kwa nukta nundu, hakiwi tena kitabu cha kutia begini. Kinakuwa juzuu kadhaa nene za kubebwa kwa mikono miwili, na si ajabu kukuta wanafunzi wakisubiriana zamu ya juzuu moja. Kitabu hichohicho kikiwa faili, kinaingia chote kwenye kompyuta ndogo. Programu ya NVDA, aliyoianzisha Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, mwaka 2006, inatolewa bure na inakisoma kwa sauti. Hata sauti ya Kiswahili imo. Ni kavu, lakini inaeleweka.

Hapo ndipo wengi tunapopiga makofi na kwenda zetu.

Tatizo ni faili lenyewe. Mara nyingi mtu amekipiga skani kitabu, ukurasa baada ya ukurasa, akakipandisha mtandaoni. Kwa anayeona hicho ni kitabu. Kwa kompyuta ni rundo la picha. Mwanafunzi anabonyeza, anaambiwa ukurasa ni mtupu. Anabonyeza tena: mtupu. Na hata maandishi yakiwa yamechapwa ipasavyo, akifika kwenye ramani ya Bonde la Ufa anakuta neno "Kielelezo", kisha kimya, kwa sababu hakuna aliyeieleza ramani hiyo kwa maneno.

Hakimiliki si kisingizio tena. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu kugeuzwa katika miundo inayosomwa na wasioona. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Kwa maoni yangu Tanzania ndiyo yenye udhuru mdogo zaidi. Vitabu vyake vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, chombo cha serikali, kwa hiyo faili la asili limo mikononi mwa serikali yenyewe. Nchini Kenya, ambako vitabu huandaliwa na wachapishaji binafsi, rungu ni ithibati ya KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala.

Wapo wanaosema sauti imeifanya nukta nundu ipitwe na wakati. Sikubaliani nao. Mtoto anayesikiliza tu hakutani na tahajia, koma wala mpangilio wa mlinganyo wa hesabu. Vitu hivyo huguswa kwa vidole. Vifaa kama Orbit Reader, vinavyoinua nukta kutoka kwenye faili, vinaunganisha faili na nukta nundu. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu nayo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1951, haijastaafu: ni chuma kitupu, haidai umeme wala bando. Inachodai ni fundi, na fundi hapatikani kila wilaya.

 

Kishikwambi kina siku yake ya kukabidhiwa, mheshimiwa akipigwa picha. Faili lililoandaliwa vizuri halina sherehe, na nadhani ndiyo maana halipewi fungu. Ningeanzia hapo: kitabu kisipate ithibati kabla faili lake halijajaribiwa na msomaji asiyeona. Hapo kazi ya kueleza michoro itafanywa mara moja, na mwandishi aliyeichagua, badala ya kurudiwa na kila mwalimu wa elimu maalumu, usiku, baada ya vipindi.