Barua ya Wazi kwa Baraza la Madaktari: Daktari Mwanafunzi Aketi na Watu wa Lamu

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini Kenya,

Baraza, kwa kuwa ndilo linalosimamia mafunzo ya udaktari nchini, linaombwa kuufanya utetezi wa sera za afya, yaani kazi ya kushirikiana na wananchi katika kudai sheria, bajeti na maamuzi yanayolinda afya yao, kuwa sehemu ya lazima ya mafunzo hayo. Sababu za ombi hili zinaonekana wazi katika visiwa vya Lamu.

Mnamo Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa leseni ya kujenga huko Kwasasi, katika Kaunti ya Lamu, kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Wakazi, chini ya muungano wa Save Lamu, walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya NEMA, likaifuta leseni hiyo, hasa kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano ilitangulia utafiti wenyewe, hata wakazi wakatakiwa kutoa maoni juu ya madhara ambayo hawakuwa wameelezwa. Sifa ya ushindi huo ni ya wakazi, wala taaluma ya udaktari haina haki ya kujitwalia.

Hata hivyo, mambo yaliyohitaji kuelezwa ni ya kitabibu. Makaa yanapochomwa hutoa chembe laini za vumbi zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na hutoa pia zebaki, ambayo ikitua majini hugeuzwa na vijidudu vya matopeni kuwa sumu inayojilimbikiza katika samaki, ikaingia mwilini mwa mjamzito anayemla na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa watu ambao samaki ndiye kitoweo chao cha kila siku, hakuna habari iliyo nzito kuliko hiyo, na mwanafunzi wa udaktari anayeijua kwa Kiingereza cha mtihani hana budi kufunzwa kuieleza katika mikutano ya kijiji kwa Kiswahili kinachoeleweka katika miji ya Faza na Kizingitini huko Lamu, kisha anyamaze asikilize wavuvi wanaoijua bahari kuliko yeye.

Utetezi hauishii mahakamani. Mlango wa Siyu, mkondo wa bahari huko Lamu unaopita katikati ya mikoko, hauingiliki kwa urahisi maji yakipwa, kwa hiyo mama aliyeshikwa na uchungu usiku huenda akangoja maji yajae ndipo chombo kiondoke. Daktari aliyefunzwa kutibu peke yake humpokea akiwa amechelewa na kuandika hivyo katika faili; aliyefunzwa utetezi huuliza, pamoja na wakunga na manahodha, kwa nini bajeti haikutenga mashua ya wagonjwa wala fedha za mafuta yake. Chini ya Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, na makadirio ya bajeti sharti yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Mwanafunzi aliyepangiwa Lamu na awepo katika vikao vya maoni vinavyotangulia tarehe hiyo.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni siasa. Azimio la Alma-Ata la 1978 lilikwisha kutamka kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao za afya, na Ibara ya 43 ya Katiba inamhakikishia kila mtu kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Hatari iliyopo ni nyingine, nayo ni kubwa: kwamba daktari kijana atageuka msemaji wa watu wasiomtuma. Kwa sababu hiyo, ajenda iwe ya wakazi, na wao wawe na sauti katika kumpa alama.

Vilevile Baraza linaombwa kuweka kanuni ya kumlinda daktari aliye katika mwaka wa mafunzo kazini, ili asinyimwe leseni wala kuadhibiwa kwa kutoa ushahidi wa kitabibu ulio sahihi katika kikao cha umma dhidi ya mradi wa serikali inayomlipa.