Tuwapime Wazee Wetu Kabla ya Matanga

Wakaaji wa Lubumbashi, juma lililopita, katika avenyu yetu hapa Katuba, tulimzika mzee ambaye hakupaswa kufa. Usiku alishikwa na jasho la baridi, kifua kinambana, pumzi inakatika. Nyumbani wakasema ni gesi, wakampa maji ya tangawizi. Jirani akanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Alifikishwa kwenye kituo cha afya kwa pikipiki, mwanawe amemkumbatia kwa nyuma asianguke, na swali la kwanza likawa: dhamana iko wapi? Mashine ya kupima tansio, yaani shinikizo la damu, ilikuwa mezani, betri zimekwisha. Nilikuwa pale, niliona kwa macho yangu.

Asubuhi, kabla ya saa nne, mchango wa matanga ulikuwa umetimia: sanduku, hema, viti, unga wa bukari, samaki, gari la kwenda makaburini. Pesa ilikuwepo! Ilikuwa katika avenyu ileile, mifukoni mwa watu walewale, usiku uleule. Hilo ndilo linaloniuma, na naomba liwaume na ninyi.

Yanayoleta tansio na ugonjwa wa moyo tunayajua: chumvi, sukari, sigara, kukaa kitako kutwa, na uzee wenyewe. Mshipa wa kijana hutanuka moyo unapopiga, kisha hurudi. Wa mzee aliyeishi na tansio miaka mingi umekakamaa kama mpira wa baiskeli ulioachwa juani. Hapo namba ya juu ya tansio hupanda na ya chini hushuka. Mkiambiwa 17 kwa 7, msifurahie hiyo 7. Moyo hujipatia damu yake hasa unapopumzika kati ya pigo na pigo. Namba ya chini ikishuka mno huku mishipa ya moyo imezibwa na mafuta, moyo unanyimwa damu wakati unafanya kazi ngumu kupita zote. Na mzee, hasa mwenye ugonjwa wa sukari, huenda asisikie maumivu kabisa. Atasema tu amechoka, pumzi haitoshi.

Wazee wengi wa mji huu walizoea kutibiwa na kampuni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini, waliondoka kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, na matibabu ya kampuni wakayaacha hukohuko. Waliobaki kuwaangalia ni sisi watoto wao. Tumewaangalia vipi?

Tuanze na mashine moja kila avenyu. Likelemba, mchango wetu wa zamu, inayonunua sufuria inaweza kununua mashine ya tansio, na betri za akiba. Kijana aliyefundishwa na muuguzi apite nyumba kwa nyumba Jumamosi. Amkalishe mzee dakika 5, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila maongezi. Aandike namba kwenye daftari. Aliyefika 14 kwa namba ya juu, au 9 kwa ya chini, siku mbili tofauti asindikizwe kwa daktari, asiachwe aende peke yake. Mwenye gari katika avenyu, namba yake ya simu ibandikwe mlangoni kwa kila mzee, na mchango wa dhamana uwekwe tayari, usingoje maiti. Jikoni tupunguze chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku kisipitwe, pamoja na ile ya samaki wa chumvi na ya kube. Serikali ya jimbo nayo ifanye sehemu yake.

Baba zetu, mama zetu, vidonge vya tansio havingoji kichwa kiume. Mezeni kila siku, hata mkijisikia wazima. Wachungaji, tunawapigia magoti: waombeeni wagonjwa, lakini msimwambie mtu atupe dawa.

Na ninyi wenye vituo vya afya: mtu anayeshika kifua apimwe moyo kwanza, franka baadaye. Ndani ya dakika 10 tangu afike, elektrokadiogramu iwe imefanyika; msipokuwa na mashine hiyo, mpelekeni palipo nayo papo hapo. Kumwacha mtu kwenye benchi hadi pesa ifike ni kumuua, na tutalisema hilo katika kila mkutano wa mtaa hadi mbadilike.

Siku ya Moyo Duniani ni Septemba 29. Tusiingoje. Jumamosi hii, shefu wa avenyu, waite vijana wako, muanze na mzee anayekaa peke yake.