Shamba "tupu" la kulipa kidogo kidogo

Wandugu wanachama, katika mikutano ya koperative za Masisi na Walikale ulizo moja linarudiaka kila mara: ni vizuri kununua shamba na kulipa muuzaji kidogo kidogo? Unatoa awansi leo, inayobaki unailipa kisha mavuno ya maharagi ao ya mawese. Sisi tunasema ndiyo, inaweza kusaidia. Benki iko mbali, na mukulima gani atatoa dolari 600 kwa siku moja? Lakini mikataba mingi tunayoonaka inabebesha munyonge hatari yote.

Kwanza neno "tupu". Masisi, shamba lisilolimwa mara nyingi liko na mwenyewe: alikimbia vita, yuko Goma ao Minova. Nyasi ikipanda, watu wanasema hakuna mwenyewe. Walikale, pori unaloona tupu linaweza kuwa la ukoo, limeachwa lipumuzike, ao ni msitu wa jamaa yote kufuatana na dekreti ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014. Ule mutu mumoja hawezi kuuuza. Basi muulize majirani wa pande zote ine, si muuzaji tu.

Tena karatasi. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mutu anapata haki ya kuutumia, na haki ile inahakikishwa na cheti cha kuandikisha shamba. Kwa mashamba ya desturi, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais ya kuyapanga. Miaka zaidi ya 40 ilipita, amri haikutoka. Ni vile tunabaki na karatasi ya shefu wa lokalite, ambayo ni ushuhuda muzuri lakini si cheti.

Sasa penye kuuma zaidi: wakati kati ya awansi na malipo ya mwisho. Mikataba mingi inasema ukikosa kulipa mara moja, shamba linarudi na pesa imekufa. Mutu alishalipa 400 juu ya 600, masasi yanalia, anakimbia na watoto, anarudi kisha miezi sita na kukuta shamba limeuzwa kwa mwingine. Hiyo hatuikubali. Mukataba uandike wazi: kukiwa kukimbia, kwa muuzaji ao kwa munuuzi, hesabu inasimama, inaanza tena watu wakirudi. Na kama munuuzi ameshindwa kabisa, iandikwe mbele pesa ngapi anarudishiwa, na nani anavuna kilicho shambani.

Muuzaji naye ana woga wake, na ana haki. Kupanda kahawa ao miti, kwa desturi yetu, ni kama kusema shamba ni langu. Mpaka malipo yaishe, munuuzi apande maharagi, mahindi, viazi, vitu vya sezo moja.

Bibi wa muuzaji asaini pia. Kode ya familia inaomba makubaliano ya wote wawili, na bibi ndiye analima kule kila siku.

Wengine watasema koperative inajiingiza katika mambo ya nyumba za watu. Lakini makaratasi yanachomekaka pamoja na nyumba. Tunaomba mukutano mukuu ujao wa kila koperative uamue jambo moja: kopi ya tatu ya kila mukataba wa mwanachama, na risiti ya kila malipo, zichungwe na komite, na komite ikihama ihame nazo.